UZI: Unavuka Horohoro kwenda Mombasa? Yajue haya kabla simu haijamaliza salio

#1 Binti_Chumbageni

Salaam wana Tanga na majirani wote. Naomba jambo hili tuliweke mahali pamoja, maana kila mtu mtaani anasema lake. Msafiri anatoka Tanga mjini kwenda Mombasa kwa basi, anapita mpaka wa Horohoro, anakaa siku nne. Simu yake inabeba laini mbili. Anataka mambo matatu: ujumbe wa benki wenye namba za uthibitisho uingie kwenye laini ya nyumbani, WhatsApp iendelee kwa namba ileile, na salio lisiliwe kimyakimya. Anayejua aeleze hatua na sababu zake, si "zima data" halafu basi.

#2 Fundi_Ngamiani

Dada, nianze na namna hela inavyohesabiwa, kwa sababu ukishaielewa hiyo hatua zenyewe utazikumbuka bila kuandikiwa.

Ukivuka mpaka, laini yako ya Tanzania haina mnara wake upande wa pili. Inabisha hodi kwenye mtandao wa Kenya. Mtandao ule unasoma tarakimu tatu za mwanzo za utambulisho uliomo ndani ya laini: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya. Ukikuta 640 unaiuliza kampuni yako ya nyumbani kama inakutambua na kama itakulipia. Ikikubali, unaingia hewani. Hiyo ndiyo romingi. Tangu hapo kila unachofanya kina kampuni mbili zinazodai: yenye mnara inaidai kampuni yako, na kampuni yako inakudai wewe na kuongeza chake.

Kupiga kuna bei tatu, wala si moja. Kumpigia mtu wa Kenya ukiwa Kenya ni bei yake, kupiga Tanzania ni bei nyingine, kupiga nchi ya tatu ni nyingine tena. Ukisoma tangazo la "dakika shilingi kadhaa", uliza ni ipi kati ya hizo.

Kupokea nako mara nyingi unalipa, na hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Sababu ni hii: aliyeko Makorora anayekupigia 07 yako analipa bei ya kawaida, kwa kuwa hana namna ya kujua umesafiri. Kipande cha njia kutoka Tanzania hadi mnara wa Mombasa lazima mtu akilipie, na mtu huyo ni wewe uliyesafiri. Simu ikiita usipoipokea, kwa kawaida hukatwi kitu, isipokuwa kama umeelekeza simu kwingine. Jambo hilo lina mtego wake, naona Mzee wa Raskazone atalieleza.

Ujumbe mfupi: kupokea kwa kawaida ni bure, kutuma ndiyo kulipiwa. Ndiyo maana laini ya nyumbani inaweza kukaa hewani siku nne nzima ikipokea ujumbe wa benki na isikatwe hata senti.

Data ndiyo inayofilisi. Kwanza, bando lako la nyumbani halivuki nawe. Una GB 10 za wiki? Zinabaki hapa, na kule data inakatwa kwenye salio la kawaida kwa bei ya romingi. Pili, hesabu yake ni kwa vipande. Kampuni ikihesabu kwa vipande vya KB 100, basi ujumbe wa WhatsApp wenye KB 3 unalipiwa KB 100. Simu ya kisasa inafungua na kufunga njia ya data mara nyingi kwa saa bila wewe kuigusa: barua pepe, hali ya hewa, programu zinazojisasisha, picha zinazojihifadhi mtandaoni. Tuseme kwa mfano MB 1 inauzwa shilingi 300. Video ya MB 16 iliyojipakua yenyewe kwenye kundi la harusi ni shilingi 4,800, na huenda hata hukuitazama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: laini ya nyumbani iende Mombasa kupokea ujumbe tu, data ya Kenya inunuliwe Kenya. Mengine yote ni namna ya kuilinda kanuni hiyo isivunjwe na simu yenyewe.

#3 Fundi_Ngamiani

Naendelea, hatua sasa. Zifanye ukiwa Tanga, usingoje foleni ya uhamiaji.

Kwanza tofautisha vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Kuna huduma ya romingi, inayowashwa upande wa kampuni (kwa menyu au kwa kuwapigia huduma kwa wateja), na kuna kitufe cha romingi ya data kwenye simu yako. Unataka cha kwanza kiwe kimewashwa, la sivyo laini itakufa ukivuka na ujumbe wa benki hautaingia. Cha pili kiwe kimezimwa.

Ingia kwenye mipangilio ya laini ya nyumbani, zima romingi ya data. Kisha chagua laini ya pili iwe ndiyo ya data. Halafu, na hapa tafadhali usipite haraka, tafuta kipengele kinachoruhusu simu kuhamisha data yenyewe kwenda laini nyingine pale ya kwanza inapokuwa dhaifu. Kinaitwa kwa majina tofauti kwenye kila aina ya simu, na kwenye iPhone kiko palepale unapochagua laini ya data. Kizime. Hicho kikiwa kimewashwa pamoja na romingi ya data, laini ya Kenya ikipoteza mnara maeneo ya Msambweni, simu inaweza kuhamia ya Tanzania na kuanza kula salio bila kukuuliza.

WhatsApp: ukitia laini mpya inaweza kukuuliza kama umebadili namba. Kataa. Akaunti haijali laini ipi imo, inajali namba uliyojisajili nayo. Usiifute programu wala kufuta data zake, kwa kuwa ukijisajili upya namba ya uthibitisho itakwenda kwenye laini ya nyumbani. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data, ondoa alama zote za kupakua picha, sauti, video na nyaraka zenyewe, na washa kipengele cha kutumia data kidogo kwenye simu.

Soko la programu liwekwe lisasishe kwa waifai tu. Hifadhi ya picha vivyo hivyo. Ramani ya Mombasa pakua kabla, inafanya kazi bila intaneti.

Mwisho wa yote, namba zako ziandike kwa +255. Zilizoanza na 07 au 06 hazitamfikia mtu wako ukipiga kwa laini ya Kenya. Ondoa sifuri, weka +255.

#4 Konda_Mkinga

Kaka Fundi, kabla ya kufika huko Mombasa kuna jambo la huku kwetu. Mtu hajavuka bado, yuko Horohoro, au Jasini, au baharini upande wa Moa, na salio linakatwa. Simu inakuwa imeshika mnara wa Kenya. Watu wanadhani ni wizi. Kwa nini hata akirudi nyuma kilomita mbili inaendelea kuning'inia kwenye mtandao wa Kenya wakati mnara wa kwetu anauona kwa macho?

#5 Fundi_Ngamiani

Konda, swali zuri mno na jibu lake wachache wanalijua.

Simu haichagui mnara wa nyumbani kila dakika. Ikishika mtandao, inakaa nao mpaka mawimbi yapotee. Ni kweli kwamba simu iliyo kwenye mtandao wa kigeni hupekua kila baada ya muda kutafuta mtandao bora zaidi, lakini kanuni za GSM (mfumo wa simu za mkononi) zinaiwekea mpaka: upekuzi ule hutafuta mitandao ya *nchi ileile uliyoshika sasa*. Umeshika 639, simu inatafuta wenye 639. Mnara wa 640 ulio mbele ya macho yako hauhesabu. Kwa hiyo wimbi la Kenya likiendelea kusikika hadi Duga, simu inaweza kwenda nalo hadi huko.

Baharini ni zaidi, maana hakuna mlima wala jengo la kuzuia wimbi. Mnara wa upande wa Vanga au Shimoni unasikika mbali sana juu ya maji.

Dawa ni mbili. Anayeishi au kufanya kazi mpakani aende kwenye mipangilio ya mitandao, aondoe kuchagua kwa otomatiki, aguse jina la kampuni yake ya nyumbani. Simu haitashika mwingine hata wa nyumbani ukipotea. Itaonyesha haina mtandao, na hiyo ndiyo salama yako. Anayepita tu, akirudi upande wa Tanzania awashe hali ya ndege kwa sekunde 20 kisha azime. Simu inaanza upya kutafuta, na safari hii mara nyingi inashika wa nyumbani.

Aliyechagua kwa mkono akumbuke kurudisha otomatiki siku atakayosafiri kweli. Wapo wanaofika Mombasa wakalalamika laini haipati mtandao, kumbe wameifunga wenyewe.

#6 Mama_Duka_Makorora

Mimi suala langu ni pesa za simu. Mtu yuko Mombasa na laini ya Tanzania, anapiga nyota 150 nyota 00 reli, inamjibu "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI". Salio lipo, mtandao upo. Ujumbe unaingia vizuri. Tatizo ni nini?

#7 Fundi_Ngamiani

Mama, tatizo liko kwenye hiyo 150 yenyewe.

Kanuni za kimataifa za menyu za nyota na reli ziligawa namba hizi zamani. Zinazoanza na 100 hadi 149 zilitengwa zirudishwe kwenye mtandao wa nyumbani hata ukiwa nchi nyingine. Za 150 hadi 199 zilitengwa kwa mtandao *unaoutembelea*. Sasa angalia menyu zetu za pesa: *150*00# M-Pesa, *150*01# Mixx ya Yas, *150*60# Airtel Money, *150*88# Halopesa. Zote ni 150. Ukiwa hapa mtandao unaoutembelea na wa nyumbani ni mmoja, hakuna shida. Ukiwa Mombasa, mtandao wa Kenya unaweza kuichukua ile namba kama yake, hauijui, unakurudishia kosa. Mitandao mingine imewekewa njia maalumu ya kuipitisha, ndiyo maana mtu mmoja anafanikiwa na mwenzake aliyeshika mtandao tofauti anashindwa.

Jaribu kwanza kubadili mtandao kwa mkono, chagua kampuni nyingine ya Kenya iliyo na makubaliano na yako, kisha piga tena. Isipokubali, tumia programu ya kampuni yako ya pesa kwa intaneti. Lakini programu hiyo uiweke na kuingia nayo ukiwa bado Tanga. Mara nyingi ikifunguliwa mara ya kwanza inahakikisha laini kwa ujumbe au kwa data ya laini yenyewe, na ukiwa nje hapo ndipo panapokwama.

Na ikiwa shabaha ni kupata fedha ukiwa Kenya, kutuma kutoka M-Pesa ya Vodacom hapa kwenda M-Pesa ya Safaricom kumekuwepo tangu 2015. Aliyeko Tanga anaweza kukutumia moja kwa moja kwenye laini ya Kenya, ilimradi umeisajili na M-Pesa yake imefunguliwa.

#8 Mzee_Raskazone

Vijana mmeeleza vyema. Nimalizie lile la kuelekeza simu, maana ni gharama inayolipwa mara mbili na haionekani.

Laini nyingi zina maelekezo yaliyowekwa: usipopokea, ukiwa unaongea, au ukiwa hupatikani, simu iende kwenye kisanduku cha sauti au namba nyingine. Ukiwa nyumbani haina madhara. Ukiwa Mombasa, mtu wa Tanga anakupigia, simu inasafirishwa hadi Kenya, inaita, hupokei. Kwa kuwa umesema usipopokea iende kwenye kisanduku, mtandao wa Kenya unairudisha Tanzania. Sasa umefanya safari mbili: ya kuja, ambayo ni kupokea ukiwa nje, na ya kurudi, ambayo ni kupiga Tanzania kutoka nje. Unalipia zote mbili, na hujagusa simu.

Simu ikiwa imezimwa na mtandao unajua imezimwa, maelekezo yanafanyika hukuhuku nyumbani, hakuna safari. Na maelekezo ya moja kwa moja, yale ya msimbo 21 yanayogeuza kila simu bila sharti, nayo yanageuzwa nyumbani kabla ya kuvuka. Hatari ni yale ya masharti.

Angalia kwa *#61# (usipopokea), *#67# (ukiwa unaongea), *#62# (usipopatikana). Futa ya masharti yote kwa ##004#. Ukitaka kufuta kila kitu, ##002#. Fanya hivyo kabla ya safari. Ukishavuka inaweza kukataa.

#9 Konda_Mkinga

Mzee, je, upo uwezekano wa kuzuia simu zisiingie kabisa ukiwa nje lakini ujumbe uendelee kuingia?

#10 Mzee_Raskazone

Upo, kama kampuni yako imeuruhusu. Kuna kizuizi cha simu zinazoingia ukiwa nje ya nchi tu: *351*, kisha neno la siri la vizuizi, kisha #. Kukiondoa ni #351* na neno la siri na #. Kukiangalia ni *#351#. Neno hilo la siri si PIN ya laini wala ya pesa, ni la mtandao. Mara nyingi huanza likiwa 0000 au 1234, waulize huduma kwa wateja. Usibahatishe, ukikosea mara kadhaa kizuizi chenyewe kinafungwa.

Kwa kawaida msimbo huo unaweza kugusa na ujumbe pia. Ukitaka kuzuia sauti peke yake, ongeza aina ya huduma: *351* neno la siri *11#. Hiyo 11 ndiyo sauti. Ujipime kwa kutumiwa ujumbe mmoja ukishavuka.

#11 Bint_Maramba

Upande wa kununua laini ya Kenya, nieleze kwa ufupi.

Lunga Lunga pale, upande wa Kenya, ukishagongewa muhuri kuna mawakala. Chukua pasipoti yenyewe. Hati nyingine zinaleta mjadala. Sajili hapohapo na usiondoke mpaka umepiga simu moja na kufungua ukurasa mmoja wa intaneti. Laini iliyosajiliwa nusu inazimika ukishafika mjini na wakala yuko kilomita nyingi nyuma.

Laini ya Safaricom: data unajiunga kwa *544#, salio unaliangalia kwa *144#. Intaneti isipofunguka wakati bando lipo, angalia jina la njia ya intaneti kwenye mipangilio ya laini, liandikwe safaricom kwa herufi ndogo. Simu zilizokuwa na mipangilio ya kampuni ya Tanzania huwa zinaing'ang'ania ya zamani.

Chagua bando kwa siku ulizonazo. Siku nne, bando la wiki. Watu wananunua la siku kila asubuhi na jioni linaisha muda likiwa nusu.

Na jambo moja la simu za mkopo, hizi za kulipia kila siku: nyingine zimefungwa zisikubali laini ya kampuni nyingine. Kabla ya safari azima laini ya mtandao tofauti, itie, uone kama inashika. Pia lipia siku zote za safari kabla ya kuondoka. Simu ikijifunga Mombasa kwa deni la siku mbili, na menyu ya 150 haikubali, umekwama pabaya.

#12 Mpita_Njia_Pongwe

Mimi nasema romingi ni ya kukataa kabisa, iwe ya bando au bila bando. Laini ya nchi husika basi. Mnawachanganya watu.

#13 Fundi_Ngamiani

Kaka, kwa siku nne za Mombasa tuko pamoja. Kwa safari zote, hapana.

Chukua anayekwenda asubuhi kuchukua mzigo na kurudi jioni. Laini ya Kenya ina foleni ya usajili, bei ya laini, bando, na muda. Akijiunga na kifurushi cha romingi cha siku moja chenye MB chache na dakika za kupokea, anaweza kutumia pungufu ya hapo na namba yake inapatikana. Ila masharti matatu ayasome. Kifurushi ni cha nchi zipi na *mtandao upi* ndani ya nchi hiyo? Kikiwa cha mtandao mmoja, auchague kwa mkono, maana akishika mwingine kifurushi kinalala na salio linakatwa kwa bei kamili. Siku inahesabiwa saa 24 tangu kujiunga au inaisha saa sita usiku? Na kifurushi kikiisha, data inasimama au inahamia kwenye salio? Hili la mwisho ndilo linaloumiza. Dawa yake ni kuacha salio dogo tu kwenye laini. Lililobaki liweke kwenye pesa za simu na ununue vocha ukihitaji.

Mwenye laini ya malipo ya baadaye hana ukuta huo. Kwake bili inakuja mwisho wa mwezi, na hesabu za kampuni ya nje zinaweza kuchelewa kufika. Aombe kampuni imwekee kikomo, na aombe kwa maandishi.

Na China ni habari nyingine kabisa, nadhani kuna wanaokwenda Guangzhou humu.

#14 Salum_wa_Mizigo

Tupo. China laini ya kwao haifungui WhatsApp wala Google, vimezuiwa. Lakini data ya romingi ya laini ya Tanzania haitokei kwenye intaneti ya China. Inasafirishwa kwa njia maalumu mpaka kwa kampuni ya nyumbani, na intaneti inaanzia huku. Kwa hiyo WhatsApp inafunguka. Ni ghali, ila kwa mfanyabiashara anayepaswa kutuma picha za bidhaa kwa mteja wa Tanga, kifurushi cha romingi cha kuanzia siku ya kufika kinalipa. Picha zitumwe zikiwa zimepunguzwa, si za ubora wa juu. Laini ya kwao ibaki kwa WeChat (programu ya ujumbe ya kule) na ramani.

Dubai ni kinyume: ujumbe wa WhatsApp unakwenda, picha zinakwenda, ila simu za sauti na video za WhatsApp kwenye mitandao ya kule zimezuiwa. Anayekwenda asiahidi familia kwamba atapiga video kila usiku.

#15 Ustadhi_Mikanjuni

Kwa wanaokwenda Umra na Hija: Saudia laini inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Inunuliwe uwanja wa ndege Jeddah au Madina mtu akiwa na pasipoti mkononi, kwa sababu baadaye pasipoti za kundi hukusanywa na kiongozi au hoteli, na bila pasipoti hakuna laini. Kampuni za simu za STC, Mobily na Zain zote zipo pale. Vidole vya wazee wetu vilivyochakaa kwa jembe na nyavu vinasumbua mashine; wajaribu vidole vingine, wapanguse jasho, wapake mafuta kidogo kisha wafute.

Mzee asiyetumia simu janja apewe simu ndogo ya vitufe yenye laini ya nyumbani tu, na namba ya kiongozi wa kundi iliyohifadhiwa kwa +966 au +255. Haina data ya kula salio. Ndugu waliobaki waambiwe mapema: wasimpigie kumsalimu, wamtumie ujumbe. Kila salamu ya dakika tatu inayoingia ni yeye anayelipa.

#16 Binti_Chumbageni

Shukrani nyingi ustadhi, hilo la wazee ni la muhimu sana. Vipi kuhusu eSIM? Naona zinauzwa mtandaoni kwa ajili ya wasafiri.

#17 Fundi_Ngamiani

eSIM ni laini isiyo na kadi, unaisoma kwa kamera kutoka kwenye picha ya mraba. Kujua kama simu yako inaikubali piga *#06#. Simu nyingi zenye uwezo huo huonyesha, pamoja na IMEI (namba ya utambulisho wa simu), namba ndefu ya EID. Usipoiona, huenda simu haina.

Faida: unaisakinisha hapa Tanga kwa waifai, ukishuka uwanja wa ndege inawaka. Kasoro: nyingi za wasafiri ni za data tu, hazina namba, hazipigi simu za kawaida wala kupokea ujumbe. Kwa hiyo bado laini ya nyumbani iwepo kwa ajili ya benki. Picha ile ya mraba mara nyingi inasomwa mara moja tu. Ukiifuta eSIM kwa bahati mbaya umeipoteza. Na usiwashe romingi ya data ya laini ya nyumbani kwa kuchanganya: eSIM hizi zenyewe *zinahitaji* romingi ya data iwashwe kwao, kwa sababu ni laini za nchi nyingine. Washa kwa eSIM, zima kwa ya nyumbani. Hapo wengi wanakosea wanawasha zote mbili.

Watumiaji wa iPhone wajue pia kwamba ukibadilisha laini, iMessage na FaceTime hujisajili upya kwa kutuma ujumbe mfupi nje ya nchi kimyakimya. Ni ujumbe mmoja, ila wa bei ya romingi. Vizime kabla, uviwashe ukirudi.

#18 Nahodha_Mdogo

Je, Pemba na Unguja ni romingi?

#19 Fundi_Ngamiani

Hapana. Zanzibar ni 255 na 640 ileile, bando lako linafanya kazi. Chombo kikipita karibu na maji ya Kenya ndipo lile la Konda linaingia: chagua mtandao kwa mkono kabla ya kuondoka gatini.

#20 Mama_Duka_Makorora

La mwisho kwangu. Mtu akipoteza laini ya Tanzania akiwa nje afanyeje?

#21 Mzee_Raskazone

Hapo mama ni pagumu. Tangu 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na kuirudisha iliyopotea kunataka mwenyewe na kidole chake dukani. Ndugu hawezi kukurudishia. Kwa hiyo laini ikitolewa ili kutia ya kigeni isiwekwe kwenye pochi ya mkononi wala kufungwa kwenye karatasi. Ibandikwe kwa gundi ya karatasi ndani ya kifuniko cha simu au kwenye jalada la pasipoti. Bora zaidi ni simu ya laini mbili ili isitolewe kabisa. Weka PIN ya laini, ili aliyeiokota asiitie kwenye simu yake na kupokea namba za benki yako. Na ukishajua imepotea, piga kampuni kwa namba yao ya kimataifa wazuie laini, kisha piga benki. Namba hizo mbili ziandike kwenye karatasi ukiwa hapa, zikiwa na +255, kwa kuwa zile fupi za tarakimu tatu hazitaunganika nje.

#22 Konda_Mkinga

Niongeze ya kurudi. Ukishagongewa muhuri Horohoro: hali ya ndege sekunde 20, hakikisha jina la kampuni yako limetokea, rudisha laini ya nyumbani kuwa ya data, kisha ndipo ufungue WhatsApp. Laini ya Kenya usiitupe kama unarudi tena karibuni, lakini isipotumika muda mrefu inafungwa na namba inauzwa kwa mwingine, hivyo usiache benki wala akaunti yoyote imeunganishwa nayo.